Atomu ya hali mbili, majibu manne: kupima kwa fotoni ndani ya kaviti

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia, mwaka wa tatu, nakaa Tudor hapa Mombasa. Darasani tulifundishwa kwamba ukipima kyubiti (kitu cha kwantamu chenye hali mbili, 0 na 1) unapata majibu mawili tu, na ukishapima, hali ya mwanzo imekwenda. Halafu nikakutana na POVM: vipimo vyenye majibu matatu au manne kwa kitu kile kile chenye hali mbili, na kwamba hufanywa kwa atomu zilizowekwa kati ya vioo viwili. Hesabu naifuata, ila sioni mkono unashika nini. Kinachopimwa hasa ni nini? Vifaa vinapangwaje, na kipi huharibika? Na kuna kipande chochote ninachoweza kukijaribu hapa hapa?

*Jibu:* Marahaba. Nianze na swali lako la kwanza, maana mengine yote yananing'inia hapo. Kinachopimwa ni fotoni, chembe moja ya mwanga. Atomu haiulizwi moja kwa moja mpaka hatua ya mwisho. Unatuma fotoni moja ikabishe hodi kwenye kaviti, yaani ile nafasi kati ya vioo viwili. Inarudi imebeba habari za atomu, kidogo au nyingi, nawe unaipima hiyo fotoni. Ibebe habari kiasi gani, hilo unaliamua wewe kabla ya kuituma, kwa kuzungusha bamba la nusu-wimbi lililo mbele ya leza, kipande cha fuwele kinachozungusha mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga. Mpishi wa biriani hali sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea. Huchota kwa ncha ya kijiko. Tofauti ni kwamba huku kwetu hata ncha ya kijiko huibadilisha sufuria, na kadiri unavyoonja zaidi ndivyo unavyoibadilisha zaidi.

Hisabati yake ni ya zamani kuliko leza. Mwaka 1940 mwanahisabati Naimark alionyesha kwamba kipimo chochote cha aina ya POVM ni kipimo cha kawaida kilichofanywa kwenye mfumo mkubwa zaidi: kioanishe kitu chako na kitu cha pili, kisha pima. Kwetu sisi cha pili ni fotoni. Mwaka 2004 wanafizikia Duan na Kimble walipendekeza kuvioanisha viwili hivyo kwa kuiakisi fotoni kutoka kwenye kaviti, na kati ya 2013 na 2014 kundi la Gerhard Rempe, taasisi ya Max Planck kule Garching, Ujerumani, likaonyesha kwamba jambo hilo linafanyika kwa atomu moja ya rubidi. Namba nitakazotumia ni za kaviti ya aina yao. Usichanganye na kazi ya Serge Haroche aliyepata Nobeli ya 2012: yeye alifungia mwanga, akaupima kwa atomu zinazopita. Sisi tumeigeuza.

Sasa vyombo. Vioo viwili vinatazamana kwa umbali wa mikromita 486, nusu milimita kasoro kidogo. Kioo cha mbele hupitisha mwanga sehemu 96 hivi kwa milioni, cha nyuma karibu hakipitishi kitu, na ukijumlisha upotevu wote wa mzunguko mmoja unapata sehemu 105 kwa milioni. Gawanya 2π kwa namba hiyo, utapata finesi ya 60,000, yaani kipimo cha jinsi kaviti inavyoushikilia mwanga. Katikati imeshikwa atomu moja ya rubidi-87 kwa mwanga wa leza. Hali tunayoiita 0 ni F=1, mF=1; tunayoiita 1 ni F=2, mF=2 (F na mF ni namba za kutaja ngazi za atomu); kati yake kuna GHz 6.83. Kaviti imelinganishwa na mstari wa nanomita 780 unaoanzia F=2 kwenda F=3. Kwa hiyo atomu ikiwa kwenye 0, iko mbali na masafa ya kaviti kwa GHz 6.8 na ni kama haipo. Ikiwa kwenye 1, ipo na inaonekana.

Fotoni ikifika kwenye kioo cha mbele na atomu iko 0, kaviti inaipokea. Mwanga unaovuja kutoka ndani una ukubwa maradufu ya ule ulioruka juu ya kioo, na awamu yake (mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) imegeuka, hivyo jumla yake ni wimbi lile lile lenye alama ya kutoa. Atomu ikiwa 1, inaigawa resonansi ya kaviti, yaani masafa inayoyapokea, kuwa mbili. Mwanga wa masafa ya katikati haupati mlango, unaruka kwenye kioo na kurudi bila kugeuka alama. Kaviti kamilifu ingetoa −1 na +1. Kwa nguvu ya mshikamano g ya MHz 7.8, uvujaji κ wa MHz 2.5 (2.3 kati yake kupitia kioo cha mbele), na upotevu γ wa atomu wa MHz 3.0, kanuni ya ukubwa wa wimbi linalorudi ni r = 1 − 2·2.3·γ/(κγ + g²). Ukiweka g sifuri unapata −0.84; ukiweka 7.8 unapata +0.80. Zizidishe kwa zenyewe: fotoni hurudi kwa asilimia 71 atomu ikiwa 0, na kwa 64 ikiwa 1. Nitaurudia upungufu huu, maana ndio unaowasumbua watu.

Kilichobaki ni polaraizesheni, yaani namna mwanga unavyotikisika. Mwanga wa duara wa kulia, R, ndio unaogusa mpito wa atomu; wa kushoto, L, mpito wake umesogezwa na leza inayoishika atomu, kwa hiyo L huona kaviti tupu siku zote. Matokeo yake ni kwamba kati ya michanganyiko minne ya atomu na fotoni, ni mmoja tu, 1 na R, unaopata alama tofauti. Mashine nzima ya kuoanisha ni hiyo tu.

Chukua fotoni yenye hali cosθ·R + sinθ·L. Ikitoka kwa atomu 0 inabaki vile vile. Ikitoka kwa atomu 1, R imegeuka alama kuilinganisha na L. Sasa ipitishe kwenye kigawanya miale cha polaraizesheni chenye vigunduzi viwili, H (mlalo) na V (wima), ambapo H ni (R+L)/√2. Uwezekano wa H kulia ni (1 + s)/2 kwa atomu 0 na (1 − s)/2 kwa atomu 1, na s = sin2θ. Ukiweka θ = 45° unapata s = 1: kipimo kamili cha vitabuni, atomu imelazimishwa kuchagua. Ukiweka θ = 0, fotoni ni R tupu, haijui kitu, na atomu haipotezi kitu. Kati ya hapo una vipimo hafifu vya kila daraja, na nguvu yake iko kwenye pembe ya bamba.

Usiiruke alama ya kutoa. Ukiandika matriksi za matokeo kikamilifu, la H ni diag(a, −b) na la V ni diag(b, −a) (diag ni matriksi yenye namba hizo kwenye mshazari na sifuri kwingine), ambapo a = (cosθ + sinθ)/√2 na b = (cosθ − sinθ)/√2. Ile minasi imo katika yote mawili. Maana yake, fotoni yoyote ikishaakisiwa, atomu imepewa geuzo la Z, yaani kugeuzwa alama ya sehemu yake ya 1, juu ya kipimo chenyewe. Ukilisahau, uwezekano wa H na V hautakuonyesha kosa. Litajitokeza hatua ya pili, majibu yako yakiwa yamebadilishana majina.

Sasa majibu manne. Mfano bora ni ule wa piramidi ya pembetatu: mishale minne ndani ya tufe la Bloch (mchoro ambamo kila hali ya kyubiti ni mshale), kila mmoja ukiwa umetengana sawa na mwenzake, na kila jibu lina uzito ¼(1 + n·r), ambapo n ni mshale wa jibu hilo na r sasa ni mshale wa hali ya atomu. Kyubiti ina majibu mawili kwa kila kipimo kamili, kwa hiyo huwezi kuyapata manne kwa pigo moja, lakini unaweza kuyapata kwa matawi. Erika Andersson na Daniel Oi walionyesha mwaka 2008 kwamba POVM yoyote yaweza kupangwa kama mti wa maswali ya ndiyo na hapana. Swali la kwanza hapa: ni jozi ya 1 na 2 au jozi ya 3 na 4? Panga mhimili wa z upite katikati ya jozi hizo. Ukijumlisha uzito wa jibu 1 na la 2, mishale miwili inafutana upande, kinachobaki ni ½(1 + 0.577·z). Hiyo 0.577, yaani 1/√3, ndiyo s yako. Basi sin2θ = 0.577, na θ = 17.6°.

Nikuonyeshe mkono unashika nini hapo. Anza na mwanga wa mstari ulio H. Weka bamba la robo-wimbi (linalogeuza mwanga wa mstari kuwa wa duara au duaradufu), mhimili wake ukiwa mlalo kabisa. Mbele yake weka bamba la nusu-wimbi, ulizungushe mpaka mwanga wa mstari uingie kwenye la robo ukiwa na pembe ε = 45° − θ = 27.4° kutoka mlalo. Kwa kuwa bamba la nusu-wimbi huzungusha mwanga maradufu ya linavyozungushwa lenyewe, kipimo cha kwenye kishikio chake ni 13.7°, si 27.4°. Wanaoanza hukosea hapo, na kosa lake ni kubwa. Hata digrii moja tu ya kishikio husogeza s kwa karibu 0.057, yaani asilimia kumi ya thamani yake. Kabla hujawasha kaviti, elekeza mwanga moja kwa moja kwenye kigawanya miale: upande wa H lazima usome 0.789 ya jumla, na wa V 0.211. Usipozipata, usiendelee.

Tuma mpigo. Urefu wake uwe wa mikrosekunde 0.7 hivi, ukiwa mfupi sana, masafa yake yanatawanyika nje ya upana wa MHz 5 wa kaviti na pembeni mwake awamu si ile uliyoihesabu. Kigunduzi H kikilia, uko tawi la jozi ya 1 na 2. Kikilia V, uko tawi la 3 na 4. Uzuri wa piramidi unaonekana hapa: baada ya kipimo hafifu, kilichobaki katika tawi la kwanza ni kipimo kamili cha kawaida kwenye mhimili wa x, na katika tawi la pili kipimo kamili kwenye mhimili wa y. Kwa hiyo unapiga mpigo wa maikrowevu wa GHz 6.83 wenye eneo la π/2, yaani unaozungusha mshale wa atomu kwa robo mzunguko, na kinachotegemea jibu la fotoni ni awamu yake tu: tawi moja liko digrii 90 mbali na jingine. Saketi inayosoma kigunduzi na kuchagua awamu ni ndogo, na mikrosekunde moja au mbili inatosha. Kisha unaisoma atomu kwa mwanga wa resonansi: ikiwa 1 inazuia mwanga kupita kwenye kaviti na yenyewe inang'aa, ikiwa 0 mwanga unapita. Na lile geuzo la Z? Linageuza x kuwa −x na y kuwa −y, basi badilishana majina: 1 na 2 katika tawi la kwanza, 3 na 4 katika la pili. Hakuna haja ya mpigo wa kulisahihisha, ni kazi ya kalamu.

Ukitayarisha atomu kwenye 0, majibu manne yatoke kwa 0.394, 0.394, 0.106, 0.106. Ukiitayarisha kwenye (0 + 1)/√2, yatoke 0.454, 0.046, 0.25, 0.25. Ziandike namba hizi ukutani. Ukiona 0.046 pale ulipotarajia 0.454, umesahau Z. Ukiona jibu la 3 na la 4 hayalingani kwa hali ya pili, awamu ya maikrowevu imepotoka kati ya matawi. Na 0.454 ikishuka taratibu kuelekea 0.25 huku 0.046 ikipanda kuifuata, uthabiti wa awamu unakufa njiani, na mshukiwa wa kwanza ni sumaku. Hali nilizozitaja zinasogea kwa MHz 2.1 kwa kila gausi, hivyo mtikisiko wa miligausi moja ni kHz 2.1, na ndani ya mikrosekunde 10 unageuza awamu kwa digrii 7.6. Ndani ya mikrosekunde 100 ni digrii 76, kipimo kimekufa. Waya wa umeme wa hertzi 50 uliopita chini ya meza unatosha kufanya hivyo. Dawa yake ni kuanzisha kila jaribio kwenye sehemu ile ile ya wimbi la umeme, na kuharakisha.

Sasa fotoni iliyopotea, ambayo ndiyo adui mkubwa wa kazi hii. Fotoni ikiakisiwa kisha ikafia kwenye lenzi au kwenye nyuzi, kipimo kimefanyika lakini jibu hujalipata. Atomu imebaki na Z, na uthabiti wake umezidishwa kwa cos2θ, kwa mfano wetu 0.816. Kama huo ungekuwa uhakika ungeweza kuvumilia. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu hutumia mpigo wa leza uliofifishwa badala ya fotoni halisi moja, wastani wa fotoni 0.1 kwa mpigo, na mara tisa kati ya kumi mpigo huo hauna kitu. Kigunduzi kikinyamaza hujui kama fotoni haikuwepo (atomu haijaguswa) au ilikuwepo ikapotea (atomu imepewa Z na kufifishwa). Ukimya huo hauna tafsiri. Unautupa, unaitayarisha atomu upya, unajaribu tena.

Kuna na kosa la upande wa pili: fotoni mbili kwenye mpigo mmoja. Watu huchukua Poisson, kanuni ya kuhesabu matukio ya nasibu, wakaona kwamba kwa wastani wa 0.1, kati ya mipigo yenye fotoni ni asilimia 5 tu zenye mbili au zaidi, wakaridhika. Hiyo si hesabu inayohusika. Unayoihitaji ni: kati ya mipigo *iliyolia*, mingapi ilikuwa na zaidi ya moja? Kwa ufanisi wa jumla wa asilimia 40, jibu ni karibu asilimia 8, kwa sababu mpigo wenye fotoni mbili una nafasi mbili za kukiliza kigunduzi. Na fotoni mbili huleta Z mara mbili, yaani hakuna Z, hivyo majina uliyoyabadilisha kwa kalamu sasa yana makosa. Ukishusha wastani hadi 0.03 kosa hilo linashuka nao, lakini kasi ya kazi inashuka vile vile. Kwa 0.1 na asilimia 40, unapata mlio mmoja kwa kila majaribio 25 hivi. Ukifanya majaribio elfu kwa sekunde, matokeo 10,000 yanakuchukua dakika nne na ushee kwa kila hali ya mwanzo. Mlio wa uongo wa kigunduzi, hata ukiwa 100 kwa sekunde, ndani ya dirisha la mikrosekunde moja ni moja kwa elfu kumi. Huo usikunyime usingizi.

Kosa la tatu ni la ulinganisho wa mwale. Mwanga usiolingana na umbo la wimbi la kaviti hauingii. Huruka kwenye kioo bila kujali atomu, na polaraizesheni yake hurudi kama ilivyokwenda. Kwa maneno mengine, hudanganya kwamba atomu iko 0. Dalili yake ni ya upande mmoja: hali 0 inatoa 0.789 safi, lakini hali 1, iliyotakiwa kutoa H kwa 0.211, inatoa 0.257 ikiwa asilimia 8 ya mwanga haijalingana. Atomu iliyotoroka mtegoni hutoa dalili ile ile kabisa, kwa hiyo kagua mwisho wa kila jaribio kama atomu bado ipo kabla ya kuanza kupangua lenzi.

Nimesema nitarudi kwenye 71 na 64. Kwa kuwa atomu 0 hurudisha fotoni nyingi zaidi, kule kulia tu kwa kigunduzi, kiwe H au V, tayari ni habari kidogo kuhusu atomu. Upotevu ni jibu la tano la kipimo chako, umelipanga au hukulipanga. Matriksi za majibu yanayosikika hazijumlishi kuwa moja kamili. Kilichopungua ndicho jibu la ukimya, na halina usawa. Ripoti isiyolitaja jibu hilo imepunjwa.

Piramidi hutumia kipimo chenye usawa, H kikiwa kama taswira ya V kwenye kioo. Mara nyingine unataka kilichoelemea upande. Sema mtu amekupa atomu katika moja ya hali mbili, cosδ·0 + sinδ·1 au cosδ·0 − sinδ·1, na hutaki kamwe kukosea. Bora useme "sijui". Kwa δ = 22.5° hali hizo zinafanana kwa 0.707. Chuja kwanza kwa matriksi diag(0.414, 1), ambayo hupunguza sehemu ya 0 mpaka ilingane na ya 1, na hali mbili zinakuwa za pembe mraba. Hapa bamba za kupimia nazo zinazungushwa, pembe φ: fotoni inatayarishwa kwa θ = −32.8° na kupimwa kwa φ = +32.8°, kwa sababu uzito wa 0 ni cos(φ − θ) na wa 1 ni cos(φ + θ). Kwa pembe hizo mbili tu unaunda kichujio chochote cha majibu mawili kwenye mhimili wa z. Mlio wa kwanza hutokea kwa 0.293, na ukifuatiwa na kipimo kamili kwenye x, jibu ni la hakika. Mlio wa pili ni "sijui", 0.707, na atomu imebaki kwenye 0. Hiyo 0.293 ndiyo dari iliyopatikana miaka ya 1987 na 1988 na Ivanovic, Dieks na Peres. Kipimo kamili peke yake, bila kichujio, kingekupa 0.25. Na tena kumbuka Z: hapa inabadilisha jina la hali ya jumlisha na ya kutoa.

Kuhusu kuijenga kaviti hapa pwani, niseme wazi tu. Upana wa resonansi ukiupima kwa urefu ni λ/2F, pikomita 6.5, ndogo kuliko atomu yenyewe. Kishikio cha alumini cha urefu wa kaviti hurefuka nanomita 11 kwa digrii moja ya joto. Kwa elfu moja ya digrii tu, tayari umevuka upana wote. Hiyo hudhibitiwa kwa leza ya kumbukumbu na kioo kinachosukumwa kwa volti, popote duniani. Kinachohusu Mombasa hasa ni unyevu. Miezi ya joto umande hapa huanza kutua kwenye kitu chenye digrii 24 hivi, na chumba chenye kipoza hewa kimewekwa 21. Mlango ukifunguliwa, hewa ya nje inatua umande juu ya kila lenzi, na vigunduzi vilivyopozwa ndivyo vya kwanza kulowa. Kipoza hewa pekee hakitoshi. Kinahitajika kikausha hewa na kibaraza chenye milango miwili. Vioo vya kaviti vyenyewe viko ndani ya ombwe, chumvi haivifikii, lakini rubidi inavifikia: ikitanda kidogo na kuongeza upotevu wa sehemu 10 kwa milioni, finesi inashuka kutoka 60,000 hadi 54,600. Na pampu ya ombwe iwe na betri yake, umeme ukatike usikatike.

Kipande unachoweza kukifanya Tudor ni viwili. Cha kwanza ni programu. NumPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, inatosha. Panga hali nne kwa utaratibu 0R, 0L, 1R, 1L, kaviti ni diag(−0.84, −0.84, 0.80, −0.84). Tayarisha fotoni kwa θ = 17.6°, zidisha, toa matriksi za H na V, kokotoa jumla ya M†M ya matriksi hizo, yaani uwezekano wa fotoni kurudi. Itoe 0.71 kwa atomu 0 na karibu 0.65 kwa atomu 1. Ukipata namba moja kwa zote mbili, umeweka −1 na +1 za kaviti kamilifu bila kujua. Kisha badilisha 0.84 na 0.80 ziwe 1 na uone kama majibu manne yanafika 0.394 na 0.106.

Cha pili ni cha mezani: leza nyekundu ya kawaida, polaraiza, bamba moja la robo-wimbi na matatu ya nusu-wimbi yaliyotengenezwa kwa rangi ya leza hiyo, kigawanya miale, na diodi mbili za mwanga zilizounganishwa na mita. Bamba moja la nusu na la robo zinatayarisha "fotoni" kama nilivyoeleza, na mita zisome 0.789 kwa 0.211. Sasa tengeneza atomu ya bandia: mabamba mawili ya nusu-wimbi yaliyobaki, moja nyuma ya jingine, mihimili yake ikipishana digrii 45. Yakiwa nje ya njia, atomu iko 0. Yasukume ndani, atomu iko 1, na mita zibadilishane: 0.211 kwa 0.789. Usitumie bamba moja badala ya mawili, hata kama usomaji wa mita utafanana. Moja hubadilisha R kuwa L na L kuwa R, jambo ambalo kaviti haifanyi, na ukija kuzungusha bamba za kupimia kwa ule mfano wa φ = 32.8°, namba zitakataa na hutajua kwa nini. Yafute mabamba kwa karatasi ya lenzi kabla ya kuanza, na yaache yapate joto la chumba kwanza, la sivyo ukungu wa umande utakula asilimia kadhaa ya mwanga huku ukidhani ni kosa la pembe.